Bodi Iliyoshuhudiwa Kanisani

Kwenye kanisa letu la Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, kitu kilishuhudiwa kwanza ndipo kikanunuliwa. Mtu akihitaji kichwa cha cherehani hakwenda kuuliza sokoni. Alingoja Jumapili, saa ya ushuhuda, asikie nani atasimama kumshukuru Mungu kwa cherehani ya aina gani. Baiskeli vivyo hivyo, redio vivyo hivyo. "Yesu asifiwe!" "Amina!" "Bapendwa, Mungu amenikumbuka. Nimepata machine, inashona mpaka jeans na haikate uzi." Wiki hiyo mafundi wote wa kambi waliitafuta mashine hiyo tu, na aliyeuza nyingine alishinda njaa.

Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, maana miguu yangu haijui kutulia. Nilikuwa nimesoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, kwetu Bukavu, Kongo, kabla vita havijatutawanya, na kambini nilijulikana kwa mambo mawili, kutengeneza kompyuta na kulalamika. Nililalamikia foleni ya mahindi, nsima, ugali wa huku, isiyoiva, kibali cha kutoka kambini kinachosainiwa na mtu ambaye kila siku hayupo ofisini. Pasta wetu, mshona suti kutoka Uvira, mtu mtaratibu mpaka anakera, alizoea kuniambia, "Dada, hata mbinguni utauliza nani alipaka rangi." Nilimjibu kwamba nitauliza, na kama imepakwa vibaya nitasema.

Hasira yangu ya miaka ile ilikuwa na mahali ilipotoka. Mama yangu na mdogo wangu wa kike walikuwa wamebaki Bukavu. Vita vya pili vilikuwa vimepamba moto, simu ya kwenda kule haikamatiki, na njia pekee ya kujua kama bado wapo ilikuwa kompyuta moja iliyokaa juu ya meza Nsungwi, kule Area 25 ya Lilongwe, kwenye nyumba ya tawi la kanisa letu iliyokuwa na laini ya simu. Watu wa kambini waliandika barua zao kwenye secrétariat, ndivyo tunavyoviita vile vibanda vya kuchapa maandishi, wakaziweka kwenye disketi. Mimi nilizibeba disketi, nikapanda matola, gari la mizigo linalochukua na watu, nikaenda Nsungwi kuzituma kwa barua pepe. Upande wa pili, kwenye ofisi ya parokia moja ya Bukavu, mdogo wangu alizichapisha na kuzigawa nyumba kwa nyumba. Majibu yalirudi kwa njia hiyo hiyo. Mashine ile ikikohoa tu, mimi chakula hakipiti.

Ilikuwa inatumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Tusingeweza kutumia kingine. Disketi za kambi nzima zilijaa virusi kuliko mbwa wa sokoni alivyojaa viroboto, na Windows yetu ya kunakili ilikuwa imeanguka mara nyingi mpaka nikaichukia. Mwanafunzi mmoja wa kwetu aliyepita akitokea Nairobi aliniachia CD za Linux, na tangu hapo virusi vilikoma. Ila Linux nayo ina maringo yake. Haikubali kila bodi kuu, yaani ule ubao ambao kila kitu ndani ya kompyuta kimeshikizwa juu yake. Watengenezaji wengine walikuwa wakiweka kwenye bodi vijidude vya sauti, vya mtandao, vya modemu inayopitisha intaneti kwenye simu, halafu siri ya kuviendesha wakaitia kwenye CD ya Windows peke yake. Watu wa Linux wabahatishe. Kuna modemu za namna hiyo nilizoshinda nazo kutwa nikiziandikia amri, nikizibembeleza, nikizitukana kwa Kimashi, lugha ya kwetu, nazo kimya. Kilichonitia wazimu ni kwamba kifaa ni kizima kabisa, ila aliyekitengeneza hakuona sababu ya kukifundisha kusema na mtu kama mimi.

Kwa hiyo nilipata ugonjwa. Kila nilipofika mjini niliingia kwenye duka la intaneti, nikafungua kurasa ambamo watumiaji wa Linux wa dunia nzima wanagombana juu ya bodi. Mjerumani anasema hii usinunue, nimejuta. Mbrazili anasema yangu ina mwaka, Linux iliona kila kitu bila kuulizwa. Wa tatu anamkata: wewe una bahati, za sasa wamebadilisha kijidude cha mtandao na hawakumwambia mtu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watu wale walijua mpaka siku maji yalipotiwa. Niliwapenda sana. Hakuna aliyeona haya kusema kitu chake kimemfia. Nilizihifadhi kurasa zao kwenye disketi nikazisoma tena kambini, mara kwa mara, wakati wenzangu wanasoma Zaburi.

Sisi hatukuzijua bodi kwa majina ya viwanda. Zilifika Lilongwe zimeshatumika, bila boksi, zimerundikwa sakafuni kwa muuzaji mmoja Mmalawi wa Mitundu, aliyeuza vifaa kuukuu siku za kazi na kwenda kulima kwao mwisho wa wiki. Tuliziita kwa rangi. Ya kijani ilikuwa nzito na ya kizamani, haina urembo, lakini kwenye zile kurasa za wagomvi hata waliomchukia mtengenezaji wake walikiri kwamba Linux inaielewa na haifi ovyo. Ya kahawia ilikuwa ya kisasa, ya haraka. Wengi waliisifu siku ya kwanza. Baada ya miezi, wengine walirudi kuandika kwamba kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyosimama juu ya bodi kutunza umeme, vinavimba kichwani na kuvuja.

Bodi yetu ya Nsungwi ilipoanza kuzimika yenyewe katikati ya barua za watu, kanisa lilichanga tununue nyingine. Mimi nikasema kijani. Lakini kahawia ilikuwa imekwisha kushuhudiwa. Ndugu mmoja wa Fizi, mwenye secrétariat karibu na soko la kambi, mtu wa furaha na sauti kubwa, alikuwa amesimama mbele ya kanisa lote akaeleza jinsi Linux ilivyoingia mara moja kwenye bodi yake ya kahawia, mpaka ikatoa na sauti, akapigiwa makofi na kwaya ikamwimbia. Baada yake wakasimama wengine wawili wenye vibanda kama chake. Wote walikuwa wamenunua kahawia kwa sababu ya ushuhuda wake, na kila mmoja alisimama wiki ileile aliyoinunua.

Nilimpelekea Pasta karatasi zangu. Aliweka chini suruali aliyokuwa akipinda, akazitazama kwa heshima zote, maana yeye hadharau mtu.

"Hawa bantu ya internet," akauliza, "unabajua?"

"Sibajui, Pasta. Lakini wako wengi, na wanasema mabaya na mazuri."

"Banasali wapi?"

"Pasta! Bodi haisali."

"Dada, sikiliza. Huyu ndugu wa Fizi tunamujua. Mimi njo nilimubatiza. Alisimama mbele ya Mungu. Wewe unaniletea mutu wa Ujerumani mwenye hasira, na jina yake hakuandika."

Nililalamika mpaka mke wake akatoka nje kuona kuna nini. Sikusikilizwa. Na mtu wa Mitundu naye, nilipokwenda dukani kwake nimenuna, aliniambia kahawia haimkai, watu wa Dzaleka wanaimaliza, wakati za kijani zinakula vumbi. "Kumbe nzuri," akasema, "zikomo kwambiri," yaani asante sana, akafurahi kweli. Wanasema kizuri chajiuza. Ile ilikuwa ikiuzwa na sisi wenyewe, kila Jumapili, bila yeye kutia mkono.

Niseme haki: ilianza vizuri. Linux ilikaa juu yake bila ubishi, modemu ya nje tuliyoiunganisha ikapiga yowe lake na kushika laini, na barua za kambi zikaenda na kurudi. Majuma yakapita. Mimi nilikuwa naifungua mara kwa mara kuvitazama vile vikopo, mpaka mlinzi wa nyumba ya Nsungwi akadhani natafuta kitu nilichokificha.

Kisha ikaja barua ya mdogo wangu mwenyewe. Kwetu mkubwa tunamwita yaya, na ndivyo ilivyoanza. "Yaya, Mama anataka tukufuate. Kuna camion inatoka dimanche kwenda Uvira, tupite Baraka, tuvuke lac mpaka Kigoma, tukuje kwenu. Wewe huko unaonaka bantu bapya kila siku. Uliza kama njia iko muzuri. Nitafungua barua samedi, mpaka midi. Tutafanya vile utasema."

Kwa hiyo lori lilikuwa la Jumapili, ziwa baadaye, na jibu langu lilitakiwa lifike kabla ya saa sita mchana ya Jumamosi. Nilirudi kambini siku ileile. Nilikuwa nusu furaha nusu hofu. Niliwazungukia wageni waliofika karibuni, wale waliokuwa bado wanalala kwenye jengo la mapokezi. Mama mmoja wa Fizi mwenye kidonda mguuni hakuacha nimalize swali. "Hapana, hapana, hapana. Ile njia, hapana. Kutoka Uvira kwenda Baraka banasimamisha ma-camion, banashusha bantu. Baambie babaki kwabo." Wawili wengine waliokuwa karibu wakaitikia kwa kichwa.

Kibali kilitoka Ijumaa jioni, baada ya mimi kupiga kelele ofisini. Jumamosi asubuhi nilikuwa Nsungwi, na maneno ya kuandika yalikuwa mdomoni: msitoke. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, ikasimama. Nikabonyeza tena. Hakuna. Nikafungua sanduku. Vile vikopo vilikuwa vimetuna vichwa, viwili vimepasuka, na uji wa rangi ya chai ulikuwa umetapakaa juu ya bodi.

Sikulia. Nilianza kukimbia. Nilikwenda kwenye duka la intaneti nililozoea, nikakuta umeme wa mtaa mzima umekatika na mwenyewe amekaa nje na ufunguo, akasema pepani, samahani, labda mchana. Nikapanda baiskeli ya kukodi mpaka jingine, taa zinawaka lakini laini za simu hazishiki. Nikasimama nyuma ya kijana wa pale nikamwamuru ajaribu tena, ajaribu tena, mpaka akaniomba nitoke. La City Centre lilikuwa limefungwa kwa kuwa ni Jumamosi. Nikarudi kwa mtu wa Mitundu nichukue bodi ya kijani, hata kama ni kwa kuiba, nikakuta kufuli, naye yuko shambani kwake. Nikarudi tena kwa yule wa kwanza wa intaneti, bado hakuna umeme. Saa sita ikanipita nikiwa barabarani, jua la utosi, na nakumbuka nilikuwa nasema peke yangu kwa sauti, nikimlaani kila mtu aliyewahi kushika chuma cha kulehemu bodi.

Jumatatu umeme uliporudi nikaandika. MSITOKE, kwa herufi kubwa. Jibu halikuja siku hiyo, wala baadaye.

Nilipofika kambini nilikwenda moja kwa moja kwa yule ndugu wa Fizi, kumpasulia. Kibanda kilikuwa wazi, yeye amekaa kwenye kiti chake, na kompyuta yake ya sifa ilikuwa mezani imefunikwa kitenge. Nikakivuta kitenge. Nyuma ya sanduku hakukuwa hata na waya wa umeme.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kitambo, dada. Kabla ya Pasaka. Niliambiaka bantu courant ya umeme iko kidogo."

"Na wale wenzako wawili?"

"Yabo pia."

"Mbona hamkusema? Tulinunua yetu kwa maneno yako!"

Alinitazama kwa huzuni ya kweli, wala hakukasirika. "Ningesema wapi, dada? Nilishapigiwa makofi. Ushuhuda, mutu anaurudishaka namna gani?"

Kanisani petu kulikuwa na saa ya kushukuru, na hakukuwa na saa ya kusema kitu kimeharibika. Kufanya hivyo kungekuwa kumsema Mungu vibaya, au kukiri kwamba umekosa imani. Kwa hiyo kila bodi iliyowaka ilisikika, na kila iliyokufa ilifunikwa kitenge. Kutoka hapo nikaanza kuona jambo jingine, na sikuweza kuacha kuliona. Kila Jumapili mtu alisimama akisema amepata habari, mume yupo hai, mtoto ameonekana Kalemie. Tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tukiamini kule kwetu wengi wamepona. Nikaanza kuwatazama wasiosimama. Walikuwa wamejaa viti vya katikati, wake kwa waume, mikono mapajani, miaka na miaka.

Sasa na mimi nilikuwa mmoja wao. Kila lori la wageni lilipoingia kambini nilikuwa getini, kabla hawajashuka nimeshawakagua nyuso. Nilikonda. Pasta alinunua bodi ya kijani bila kuniambia, akaniletea imefungwa kwenye mabaki ya kitambaa cha suti, akaiweka mlangoni akaondoka. Niliifunga, Linux ikaikubali, barua zikaanza tena kwenda. Za Bukavu zilipokelewa na mtu mwingine wa parokia ambaye aliandika tu kwamba dada yule alisafiri na mama yake.

Mvua za kwanza zilipoanza, mdogo wangu alishuka kwenye lori. Peke yake. Alikuwa amevaa viatu vya kiume, na kitenge alichojifunga kilikuwa cha Mama. Alinieleza kwa maneno machache. Camion ilisimamishwa baada ya Uvira, watu wakakimbilia porini, Mama akashikwa na homa huko huko, na wenyeji wa kijiji kimoja karibu na Baraka wakasaidia kumzika. Hakueleza zaidi, na sikumwuliza. Nilimpikia, nilimwosha miguu, na ndani yangu nilikuwa na hasira naye, niseme kweli. Alikuwa ameandika tutafanya utakavyosema, halafu wakaondoka bila neno langu. Wangengoja siku mbili tu, nilijiambia. Siku mbili. Nikaimeza ile hasira, jambo nisilolizoea.

Jumapili Pasta alitaka ushuhuda. Dada yetu ameletewa mdogo wake kutoka mdomoni mwa simba, asimame. Watu walikuwa wameanza kupiga makofi kabla sijainuka.

Nilisimama. Nikamshukuru Mungu kwa mdogo wangu, na nilimaanisha. Amina zikaja. Kisha nikasema Mama amekufa njiani. Nikasema nilikuwa na neno la kuwazuia wasitoke, na halikufika, kwa sababu ile bodi ya kahawia tuliyoishuhudia hapa ilikufa Jumamosi hiyo. Nikasema wengine humu zilikuwa zimewafia zamani. Mwongoza kwaya alianzisha wimbo, kwa wema tu, anisaidie kukaa. Pasta akamwinulia mkono, wimbo ukakatika.

Mabati yakalia kwa joto. Ndipo ndugu wa Fizi akainuka na kusema kwa sauti ndogo kuliko nilivyowahi kumsikia, "Yangu pia ilikufa. Munisamehe." Wa pili akainuka, wa tatu. Kisha mwanamke mmoja wa Uvira, mshonaji, ambaye hajawahi kuwa na kompyuta maishani mwake, akasimama kwenye viti vya katikati. "Bwana yangu," akasema, "tangu tulipotezana kwa njia, sijasikia kitu." Akakaa. Mwingine akasimama. Wakaendelea hivyo, mmoja mmoja, hakuna makofi wala wimbo, na mahubiri siku hiyo hayakuwapo.

Tulirudi nyumbani mimi na mdogo wangu tukipita nyuma ya vibanda. Katikati ya njia akanishika mkono akanisimamisha.

"Yaya. Ile samedi, ni machine njo ilikufa?"

"Ndiyo. Niliwaandikia Jumatatu. Niliwaambia msitoke."

Akaniachia mkono.

"Tulingoja mpaka banafunga bureau ya parokia," akasema. "Mi nilimuambia Mama, tusiende, jibu haijafika. Akanicheka. Akasema, 'Ule mutoto wangu minamujua. Hajue kunyamaza. Kama njia ingekuwa mubaya, angelalamika mpaka tungemusikia huku. Amenyamaza, njo kusema iko muzuri. Funga mizigo.'"